Land Rover iliyoshuka Soni juu ya mgongo wa Fuso

Kwanza nitaje bei, maana kila anayeiona ndilo swali lake la kwanza. Niliinunua shilingi 4,200,000. Mpaka leo imeshakula zaidi ya mara tatu ya hizo, na daftari la hesabu niliacha kuliandika tangu mfungo wa Ramadhani. Mume wangu hajui daftari lenyewe liko wapi, na naomba hali ibaki hivyo hivyo.

Wanaonifahamu wanajua nina kitalu cha miche Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, njia ya kwenda Muheza. Michungwa ya kubebesha, miembe, na mikarafuu na midalasini kwa wateja wangu wa Amani, kule milimani. Mzigo wa miche si mzito, ila una maringo. Hautaki jua, hautaki upepo, hautaki kulaliwa. Miaka yote nilikuwa nakodi kirikuu, kile kipikapu kidogo. Kirikuu kwenye lami hakina neno. Kipandishe Amani wakati wa masika uone. Kikifika utelezi wa kwanza dereva anashuka, anazunguka nyuma, anakuna kichwa, halafu anakwambia, "Mama, hapa tushushe." Viriba vinapasuka, udongo unamwagika, na mche ulioulea miezi kumi unamfikia mteja mizizi iko nje.

Kwa hiyo sikuwa natafuta gari la kale. Nilikuwa natafuta gari la kupanda mlima.

Mwaka juzi nilikwenda Lushoto kufuata vikonyo vya mipeasi, na nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, ndani ya banda la majani ya ng'ombe, ndipo nilipoiona. Watu husema gari liko juu ya mawe kwa maana kwamba halitembei. Hii ilikuwa juu ya mawe kweli, mawe manne, matairi hakuna hata moja. Kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa ameatamia. Taa mbili za mbele zimekaa karibu karibu, ndani kabisa ya wavu wa rejeta, kama mtu aliyevua miwani akawa anakukodolea. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vya kuingiza upepo. Kimoja kilikuwa wazi, kimetoka mmea wa mchicha.

"Hiyo ni mia na tisa," mzee akaniambia. Nilidhani ananitajia namba ya nyumba. Kumbe ni inchi 109, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Fupi yake ni 88. Land Rover za milimani kwetu watu huzitaja kwa namba hizo, kama wanavyomtaja mtu kwa jina la baba yake.

Nikamwuliza kwa nini hakuiuza siku zote hizo. Akasema wa skrepa walishakuja mara tatu. Bodi ya Land Rover ni alumini, na alumini inatakiwa. "Wangekwenda kuifanya masufuria," akasema, na akalitamka neno masufuria kwa chuki ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwenye chombo cha jikoni. Kisha akanitazama. "Na wewe mwanangu, utaichinja?"

"Hapana, mzee wangu. Nataka inipandishie miche Amani."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akashusha laki tatu bila mimi kuomba.

Hiyo alumini ina hadithi yake. Kampuni ya Rover ilipoionyesha Land Rover ya kwanza kule Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Alumini ilipatikana, basi bodi ikawa ya alumini, chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ikawa ya chuma. Walilazimika, ila leo ndiyo sababu mkweche wa miaka karibu sitini unaukuta bado una mabawa na milango. Kinachooza ni chuma kilicho chini yake, pale usipopaona.

Na hapa nitoe ushauri wangu mmoja wa bure: gari la kale usilinunue pwani. Nilikwishaangalia mbili Tanga kabla ya hapo, rangi inameta, na fundi wangu alipogonga chesisi kwa nyundo ndogo ikaitika "pwa", kama unapiga papai. Hewa ya bahari inakula chuma kimya kimya. Ya Lushoto aliigonga kutoka mbele hadi nyuma, taratibu, amelala chali kwenye mavi ya kuku: ngo, ngo, ngo, ngo. Sehemu moja tu, bomba la mwisho kabisa chini ya mlango wa nyuma, likasema pwa. Akatoka chini, akajipangusa, akasema, "Lipa."

Kuishusha ndiyo ilikuwa kazi. Tulipata Fuso lililopandisha saruji na lilikuwa linarudi tupu. Hakuna kreni Lushoto, basi tulisogeza Fuso nyuma mpaka likagusa ukingo wa barabara uliolingana na bodi yake, tukaweka mbao, na vijana kumi na wawili wakaisukuma Land Rover juu ya matairi ya kuazima. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 30 na ushei za kona, na kona za pale Soni zinakuonyesha ulikotoka na unakokwenda kwa wakati mmoja. Mimi nilikaa mbele kwenye Fuso. Kila kona nilisikia kamba zikilia nyuma, na dereva, Mungu amlinde, aliongeza sauti ya redio.

Gereji iko Ngamiani, chini ya mkungu. Fundi mkuu ni mzee wa Kidigo ambaye alianza kushika spana kwenye mashamba ya mkonge. Mimi namwita babu, yeye ananiita Mama Miche. Chini yake kuna kijana mmoja hodari, mwepesi, anayejua kila injini ya Kijapani iliyoshuka bandarini. Hao wawili ndio waliobishana juu ya gari langu kwa miezi minane, na mimi nikiwa hakimu nisiye na sheria.

Kesi ya kwanza ilikuwa injini. Kijana aliangalia mara moja tu. "Mama Miche, toa hilo dude, weka injini ya Canter. Dizeli, spea kila duka, unasahau." Si mjinga; Land Rover nyingi zinazotembea mikoani zimepandikizwa namna hiyo. Babu akamwacha amalize, kisha akauliza, "Na hafushafti utaweka za nani?" Hafushafti ni vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu, na hapo ndipo nilipojifunza jambo. Injini ya asili ni ya petroli, silinda nne, sentimita 2,286 za ujazo, farasi 70 na kidogo. Ekseli zake zilitengenezwa kwa nguvu hiyo hiyo ya kizee. Ukiweka injini yenye msukumo mkubwa, siku utakayokanyaga mlimani na mzigo, hafushafti ya nyuma inakatika kama muwa. Utabadilisha ekseli. Ukibadilisha ekseli utabadilisha propela, mhimili unaoizungusha. Mwisho una Canter iliyovaa koti la Land Rover.

Tukaifungua ya asili. Silinda hazikuwa mbaya. Tulichonga kidogo, tukaweka pistoni na ringi mpya zilizokuja na basi kutoka Dar, tukachonga na hedi. Inakunywa petroli kama mgeni wa harusi, kilomita 6 kwa lita ukiwa mpole. Hilo nimelikubali. Mimi siendi Mwanza nayo.

Kesi ya pili ilikuwa umeme, na hii kijana hataki niisimulie. Alikuta waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, akacheka, akasema wazee wa Lushoto walifunga betri kinyume miaka yote na ndiyo maana gari lilikufa. Akageuza. Mshale wa ampia, kile kipimo cha chaji, ukaanza kutembea kinyumenyume, dinamo haichaji. Babu alikuwa anakunywa kahawa upande wa pili wa barabara na hakuinuka. Aliacha ahangaike mpaka adhuhuri. Kumbe magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule yalitoka kiwandani hivyo, chanya kwenye bodi, na Land Rover waligeuza miaka ya 1960. Yangu ni ya kabla ya kugeuza. Hiyo pamoja na taa zile za kwenye wavu ndiyo tuliyojulia umri wake, maana kadi ya gari panya walikula kona yenye mwaka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Nilianza kazi hii na kitabu cha gari nilichokipata kwa rafiki aliye Uingereza, na nia yangu ilikuwa kuirudisha kama ilivyotoka Solihull, kiwandani kwao Uingereza. Kila kitu cha asili. Nilikuwa nimeshaamua na rangi. Lakini kila tulipofungua tulikuta mtu ametangulia. Gasketi ya pampu ya maji imekatwa kwenye karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, nadhifu, matundu yote mahali pake. Kwenye springi za nyuma kuna vipande viwili vilivyoongezwa kutoka kwenye lori, vimekatwa na kupindwa kwa moto, na vimekaa sawa kuliko vya kiwandani. Kebo ya choki ni ya breki ya baiskeli. Mlango wa kulia umeshikwa na bawaba moja ya asili na nyingine kubwa, ya chuma kizito, yenye urembo wa jani.

Nilimpigia mzee wa Lushoto simu kumwuliza hiyo bawaba. Akanyamaza kidogo. "Mlango uliachia Soni tunashuka na kabichi," akasema. "Fundi akaweka bawaba ya geti la misheni. Lakini geti lilikuwa limeshaanguka lenyewe, mwanangu, usije ukasema tuliliangusha sisi."

Nikakaa na hilo siku kadhaa. Kitabu kinasema asili ni Solihull. Lakini gari hili liliishi Uingereza labda majuma machache, likapanda meli, likaishi Usambara miaka hamsini na zaidi. Waliolilea ni watu waliokata gasketi kwa wembe na mfuko wa saruji kwa sababu spea haikuwepo, na kabichi haingoji. Nikiing'oa bawaba ile nikaweka mpya ya kuagiza kwa mtandao, nitakuwa nimerudisha nini, na kwa nani?

Si kwamba kila walichofanya ni cha kuhifadhi. Tulipovua gurudumu la nyuma kushoto tulikuta paipu ya breki imepindwa na kugongwa nyundo mpaka ikaziba. Maana yake wili silinda, kile kipampu kinachosukuma breki ndani ya gurudumu, ilikuwa inavuja, na kwa kuwa gari hili breki zote zinatumia njia moja ya mafuta, uvujaji mmoja unakumaliza magurudumu yote manne. Mtu akaliziba moja ili kuokoa matatu. Namwelewa. Pengine ilikuwa usiku, pengine mvua, pengine alisema kesho nitanunua. Lakini alishuka Soni na breki tatu, na pengine alishuka hivyo miaka. Nilikishika kile kipande cha paipu mkononi, nikaona alama za nyundo, nne, zimepangana vizuri. Nikamwambia kijana atupe paipu zote na aanze upya.

Breki ndizo zilizonitoa machozi ya hela. Inahitaji wili silinda sita, mbili kila gurudumu la mbele na moja moja nyuma. Muuzaji mmoja wa spea akanihakikishia kwa simu kwamba anazo, nikalipa, zikafika na basi, zimefungwa kwenye gazeti. Za 88. Dramu za 88 ni inchi 10, za kwangu ni inchi 11, na vitu haviingiliani. Kumpata tena kwenye simu ilinichukua siku tisa, na hela yangu sijaiona hadi leo. Niliagiza seti nyingine kwa mtu mwingine, nikiwa nimemtumia kwanza picha ya dramu na rula juu yake. Fanyeni hivyo. Picha na rula.

Nikajiwekea kanuni: kinachohusu kusimama, kukata kona na moto wa petroli, kipya. Kinachohusu maisha yake, kibaki. Springi za lori zimebaki. Bawaba ya geti ipo, nimeipaka grisi. Kebo ya baiskeli ipo na inavuta vizuri. Gasketi ya mfuko wa saruji nilitaka ibaki, ila ilichanika tukiifungua. Nimeiweka kwenye bahasha. Babu amekata nyingine, naye akatumia karatasi ya gasketi ya dukani, akaniomba radhi.

Miguuni, ule ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha dereva ulikuwa umeoza. Ukikanyaga klachi unaona barabara. Tulikata, tukachomelea bati la milimita 2. Pale alumini inapokutana na chuma palikuwa na unga mweupe kama chumvi ya mawe, metali mbili zinatafunana unyevu ukiingia. Babu alikata vipande vyembamba vya tyubu ya gari akavilaza katikati kabla ya kufunga nati. Kwa hewa ya Tanga, anasema, tyubu ile ni bora kuliko dua. Alisema "bora kuliko", kisha akajirekebisha: "pamoja na".

Nyuma ndiko nilikofanya la kwangu. Nimejenga rafu za kukunja za mbao za mtiki wa Longuza, ngazi mbili juu ya sakafu, zenye nafasi ya kupitisha kiriba na mche wa nusu mita bila kuinamisha shingo. Juu kuna fremu ya paipu na neti ya kivuli, ile ile ya kitaluni. Nikikunja rafu nabeba mbolea. Fundi seremala aliniuliza mara tatu kama nina hakika gari hili litatembea, kabla hajakata mbao.

Halafu rangi. Niliamua nipige msasa mwenyewe, jioni nikitoka kitaluni, kwa sababu ndiyo kazi pekee waliyoniruhusu. Mlango wa nyuma ulikuwa wa njano. Chini ya njano kulikuwa na bluu, chini ya bluu maziwa, chini kabisa kijani kizito cha kiwandani. Siku moja, kati ya njano na bluu, msasa ulitoa mstari mwekundu. Nikapunguza mkono, nikatumia msasa laini na maji. Ikatokea M. Ikatokea N. Mpaka magharibi nilikuwa nimepata MNASEMA, herufi za mkono, zimetiwa kivuli cheupe upande mmoja, na baada yake bati limekwanguka mpaka alumini. Kulikuwa na neno lingine. Limekwenda.

Ngamiani nzima ikawa na maoni. Mnasema nini. Mnasema sana. Mnasema tu. Muuza kahawa akashikilia kwamba ni "Mnasema Hatuli" na akawa tayari kuweka hela. Nikampigia tena mzee wa Lushoto. Hakumbuki. Alisema yeye alilipia "Mungu ni Mwema", akaenda msibani, na aliporudi kijana wa rangi alikuwa ameandika lake.

Gari zima limepakwa kijani cha zamani. Mlango wa nyuma nimeuacha na ile bluu yake iliyochubuka na neno lake moja, nimepitisha vanishi juu. Kijana anasema inaonekana kama kazi haijaisha. Nafasi ya neno la pili ni kama viganja vitatu.

Safari ya kwanza ilikuwa Muheza, miche 300 ya michungwa. Niliiwasha kwa hendeli, ili watoto waone, ikashika mara ya pili. Gia ya kwanza na ya pili hazina msaada wowote; usipopiga klachi mara mbili zinasaga na mtaa mzima unajua. Ilisaga. Niliendesha kilomita 50 kwa saa, mabasi yakanipita yakinipigia honi, nikaona kwenye kioo miche imesimama wima kama wanafunzi mstarini. Hakuna hata mmoja uliolala.

Pale Muheza nilisimama kununua maji. Nyuma yangu alisimama mtu na bodaboda, akasoma mlango, akasoma tena. Akashuka akaja dirishani, kofia ngumu mkononi, na uso wa mtu anayetaka kuelewana.

"Dada," akasema, "sisi hatujasema kitu."